Mafuta ya Gia: Yabadilishwe au Yaachwe?



Leo ningependa tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wanaume na mafundi, ilhali hasara yake ikija huingia moja kwa moja jikoni mwetu. Jambo lenyewe ni mafuta ya gia katika gari la otomatiki. Je, kuyabadilisha kuna faida, au ni kutupa pesa? Na je, ni kweli wasemavyo watu kwamba ukiyagusa mafuta hayo umeiua gia?

Swali hili sikulitunga mimi. Limetoka kwa mdogo wangu, aliyeolewa Nairobi miaka mingi iliyopita katika nyumba ya Kinubi, mtaa wa Makina, Kibera. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasikiapo jina la Kibera huenda wakafikiria mabanda peke yake. Makina ni mtaa mkongwe wa Waislamu. Wanubi ni kizazi cha askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, waliowekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Tangu shemeji yangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mdogo wangu ameendesha nyumba kwa upishi. Hupika pilau na biriani za arusi, na asubuhi huuza mahamri na mbaazi. Yeye na wifi yake akaaye Kawangware walichangia akiba yao ya chama wakanunua gari moja, Toyota Probox ya otomatiki ya mwaka 2015, lililoingia nchini mwaka 2022. Siku za shughuli hubeba masufuria na viti. Siku nyingine mwanawe mkubwa hulitumia kuwabebea wafanyabiashara mizigo kati ya soko la Toi na soko la Kawangware. Karo za watoto watano wa nyumba mbili zatoka katika magurudumu manne ya gari hilo.

Basi ukazuka mzozo. Mdogo wangu alisikia kwamba mafuta ya gia yafaa kubadilishwa, naye akaweka kando shilingi elfu ishirini kwa kazi hiyo. Wifi yake akakataa katakata. Jirani yake huko Kawangware alibadilisha mafuta ya gia ya gari lake, na siku tatu baadaye gari likasimama njiani lisiende mbele wala nyuma. Wifi akasema, "Gari letu latembea vizuri. Mbona tulitafutie maradhi?" Fundi wao wa Kibera naye aliwaambia kwamba gia hizo zimefungwa kutoka kiwandani na haziguswi. Mdogo wangu akanipigia simu akaniambia, "Dada, njoo utuamue, maana muhula wafunguliwa na pesa ni hizi hizi."

Mimi si fundi. Lakini marehemu baba yetu alikuwa na gereji Mombasa, nami nilikuwa karani wake wa vitabu kabla sijaolewa. Niliandika kila gari lililoingia, lilikuwa na nini, likafanyiwa nini, na lilirudi baada ya muda gani. Daftari lile lilinifunza mambo ambayo spana haikunifunza. Nikapanda treni kwenda Nairobi kuwajulia hali, na hayo niliyowaeleza kule ndiyo nitakayowaeleza leo.

Kwanza yafaa tujue mafuta haya yafanya nini. Katika gari la gia za mkono, dereva mwenyewe hukanyaga klachi na kusukuma gia, na mafuta yaliyomo kazi yake kubwa ni kulainisha vyuma. Katika otomatiki mafuta yana kazi nne. Ya kwanza ni kusafirisha nguvu. Katika magari mengi, kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kiitwacho konvata, ambacho ndani yake mna mapangaboi mawili yanayotazamana. Injini huzungusha la kwanza, nalo huyasukuma mafuta, na mafuta yakalizungusha la pili. Mfano wake ni feni mbili zilizowekwa uso kwa uso: ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha nyingine. Kazi ya pili ni kubana. Pampu huyasukuma mafuta kwa nguvu, nayo yakabana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia ishike. Kazi ya tatu ni kulainisha, na ya nne ni kuchukua joto kutoka ndani na kulipeleka nje likapoe.

Kwa hiyo mafuta haya yatakiwa yafanye mambo mawili yanayokinzana. Yatakiwa yateleze ili vyuma visilike, na wakati huo huo yaziruhusu klachi zishikane pasi na kuteleza. Uwezo huo hautokani na mafuta matupu. Watokana na viungo maalumu vinavyotiwa kiwandani. Hapo zamani, mafuta ya gia za Kimarekani yalitiwa mafuta ya nyangumi, tena nyangumi yule yule atoaye ambari ambayo wazee wetu wa pwani waliiokota ufukoni na kuiuza kwa bei ya dhahabu. Yalistahimili joto na kuzipa klachi mshiko laini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi huyo, wataalamu wa kemia walilazimika kutafuta viungo vingine vya kushika nafasi yake. Nalitaja hili ili ionekane kwamba katika mafuta ya gia, kiungo ndicho kinachonunuliwa, na kiungo ndicho kinachokwisha.

Hukwisha kwa sababu ya joto. Mama anayekaanga bajia na viazi karai alijua jambo hili kabla ya fundi yeyote. Mafuta mapya huwa meupe na mepesi. Ukiyarudisha jikoni siku baada ya siku huwa meusi, hutoa povu, hunuka, na kile unachokaanga hakiivi vizuri. Mafuta ya gia hufikwa na hayo hayo polepole zaidi, nayo yamefichwa ndani ya sanduku la chuma ambako hakuna anayeyaona. Wakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto likizidi kwa digrii 10 za Selsiasi, kasi ya mafuta kuharibika huongezeka takriban maradufu. Sasa lifikirie gari lililopakia masufuria ya pilau, kwenye foleni ya Ngong Road saa kumi na moja jioni, likisogea hatua mbili na kusimama, mguu juu ya breki na gia imeingizwa. Kilomita ni chache, lakini joto ni jingi. Ndiyo maana vitabu vya magari mengi vina ukurasa wa matumizi magumu, wenye kutaja foleni, vumbi, vilima, joto na mizigo, na humo muda wa kubadilisha mafuta hufupishwa. Ukisoma ukurasa huo utadhani mwandishi wake alipita Kawangware.

Mtu atauliza: mbona basi watengenezaji wengine wa magari husema mafuta ya gia ni ya maisha yote? Hapa pana neno la kutazamwa kwa makini. Maisha yote ya nani? Mwenye gari wa kwanza huko Japani hulitumia miaka kadhaa, kisha huliuza, kwa sababu ukaguzi wa lazima wa huko, uitwao shaken, ni wa gharama. Gari hupandishwa meli, huteremshwa bandarini kwetu Mombasa, na sheria ya Kenya huliruhusu kuingia maadamu halijapita miaka minane. Kwa hesabu ya mwenye gari wa kwanza maisha yamekwisha. Kwa hesabu ya mjane wa Kibera ndiyo kwanza yameanza, naye atarajia gari hilo limtumikie miaka kumi mingine. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo huunda gia na kuziuza kwa watengenezaji wa magari makubwa ya Ulaya, yenyewe imeshauri mafuta ya gia zake yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ilhali baadhi ya wanaoziweka gia hizo katika magari yao huwaambia wateja kwamba mafuta ni ya maisha yote. Aliyeiunda gia amesema neno lake, na mimi naona yeye ndiye wa kusikilizwa.

Gari la mdogo wangu lilipofika lilisoma kilomita 74,000, na siku niliyolipanda lilisoma 131,000. Mafuta ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000 bila kukosa. Mafuta ya gia hayakuwahi kuguswa, na hapana karatasi inayoonyesha kwamba yaliguswa Japani.

Ikabaki hoja ya wifi, nayo haikuwa hoja ya kudharauliwa. Gari la jirani yake lilikufa kweli, na lilikufa baada ya mafuta kubadilishwa. Nikamwomba anipeleke kwa jirani huyo. Tukamkuta barazani kwake, bwana mwenye heshima zake, nikamsalimu na kumwuliza, "Kaka, kabla hujabadilisha mafuta, gari lilikuwaje?" Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwa muda wa miezi minne lilikuwa likiguruma bila kwenda, na asubuhi ilimbidi asubiri kidogo ndipo gia ishike. Nikamwuliza tena, "Na ni hilo lililokupeleka kwa fundi?" Akajibu, "Ndilo hilo."

Hapo palikuwa na jibu la mzozo wote. Mafuta yake yalibadilishwa ili yatibu gia ambayo klachi zake zilikuwa zimekwisha. Klachi hizo zina bitana inayolika kidogo kidogo, na unga wake huelea katika mafuta. Gia ikichakaa sana, unga ule mchafu huenda ukasaidia kidogo sahani zilizobaki zishikane. Ukiyatoa mafuta hayo na kutia mapya, yaliyo safi na yenye viungo vya kusafisha, mshiko ule wa mwisho waweza kuondoka. Kwa hiyo wasemao kwamba mafuta mapya huua gia wameona jambo la kweli, ila wamelitaja kwa nusu. Ni kama mgonjwa anayefikishwa hospitali siku ya mwisho, akafa, na watu wakaihofu hospitali. Katika daftari la baba yangu, magari mengi yaliyorudi na malalamiko yalikuwa yale yaliyokuja na ugonjwa. Yaliyokuja mazima, kwa utaratibu, yaliendelea kuja mazima.

Nikamweleza wifi haya, akanyamaza, kisha akauliza swali zuri: "Sasa letu ni zima au gonjwa?" Tukalipanda sote watatu, kijana akaendesha kutoka Makina, tukapita Kibera Drive, tukaivuka Ngong Road hadi Kawangware. Nilimwambia asimame kabisa, kisha aingize gia ya kurudi nyuma, halafu ya mbele, nami nikihesabu muda wa kushika. Nilisikiliza iwapo injini itaguruma pasi na gari kwenda. Nilitazama iwapo litatetemeka likianza mwendo. Halikuwa na lolote katika hayo. Gari lilikuwa zima, na gari zima ndilo linalofaa kubadilishwa mafuta. Wifi akakubali, kwa sharti kwamba asimame pale pale juu ya kichwa cha fundi.

Tulikwenda gereji moja ya wazi karibu na Naivasha Road. Fundi alikuwa kijana mwenye adabu na mikono ya kazi. Akasema, "Mama, hii ni Probox. Nimeshafanya Probox nyingi hata siwezi kuhesabu." Akalifuata debe la mafuta mekundu ya ATF, ambayo ndiyo mafuta ya kawaida ya gia za otomatiki. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja kwanza. Hii ni ya mwaka gani?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko zote. Probox ilianza kuuzwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi otomatiki yake ilikuwa ya gia nne za kawaida. Mwaka 2014 Toyota iliibadilisha. Jina likabaki lile lile na umbo halikuachana sana na la zamani, lakini ndani ya otomatiki ikawekwa gia ya aina ya CVT. Hiyo haina gia moja, mbili, tatu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli hupanuka na kubanana, na mwendo hubadilika bila hatua. Mkanda ule wa chuma hushika juu ya chuma, na mshiko wake wategemea mafuta maalumu ya CVT. Ukitia ATF nyekundu ya kawaida mahali pake, mkanda huteleza, chuma hukwaruza chuma, na gia huharibika, tena huharibika baada ya mafuta kubadilishwa. Mtaa mzima ungepata ushahidi wa pili kwamba mafuta huua gia.

Kijana yule alichukua nambari ya chesi, akaitafuta katika simu yake, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Samahani mama, ningewaharibia gari. Hii yataka mafuta ya CVT." Sikumlaumu. Alijifunza kazi juu ya Probox za zamani, naye hakuona aibu kukiri mbele ya wanawake watatu. Fundi wa namna hiyo ni wa kurudiwa. Tukamtuma mpwa wangu dukani akalete mafuta yale yale yaliyoandikwa kwa gari hilo, katika debe lililofungwa, lita nne.

Kazi yenyewe si ya muujiza. Gari huwekwa mahali palipo sawasawa, nati ya chini ya sampu hufunguliwa, na mafuta huachiwa yatoke. Yalitoka lita tatu na nusu, rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Fundi aliyapima katika chupa, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho kinachorudishwa. Sampu ikafunguliwa. Ndani yake mna sumaku ndogo za kunasa unga wa chuma. Unga laini kama masizi ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni dalili mbaya. Palikuwa na masizi tu. Sumaku zikapanguswa, sampu ikafungwa, mafuta mapya yakatiwa. Gari hili halina kijiti cha kupimia mafuta ya gia. Kipimo chake hutazamwa injini ikiwaka na mafuta yakiwa katika joto lililotajwa na kiwanda, kwa kuacha yaliyozidi yachuruzike mahali pake. Yakipungua gia huvuta hewa, na yakizidi hutoa povu. Yote mawili ni madhara.

Wifi akauliza, "Mbona hayakutoka yote?" Ni kweli, hayatoki yote. Mengine hubaki ndani ya konvata na mapitio yake. Tukichukulia kwamba nusu ndiyo hutoka, ukibadilisha mara moja utakuwa na nusu mpya. Ukirudia baada ya majuma mawili utakuwa na robo tatu. Ukirudia mara ya tatu utakuwa na sehemu saba katika nane. Kuna gereji zenye mashine ya kuyasukuma mafuta yote ya kale yatoke kwa mara moja. Kwa gari lisilojulikana historia yake, mimi napendelea njia ya kumwaga na kurudia, kwa kuwa ni ya upole, haihitaji mashine, na gharama yake hugawanyika. Mara ya kwanza, mafuta na kazi ya fundi vilimgharimu mdogo wangu shilingi elfu kumi. Zile elfu kumi zilizobaki akaziweka kwa mara ya pili, na katikati yake muhula ukafunguliwa na karo ikalipwa. Fundi aliposema bei ya gia iliyotumika ya kuvishwa gari kama hilo, alitaja zaidi ya shilingi laki moja, bila ya kazi na bila ya dhamana ya maana.

Mtanitaka niseme gari lilikuwaje baadaye. Lilikuwa vile vile. Halikuongeza mbio wala halikuwa jipya. Mpwa wangu alisikitika kidogo, maana alitarajia mabadiliko. Nikamwambia kwamba hii ndiyo faida yenyewe: kuendelea vile vile. Anayebadilisha mafuta ya gia akitarajia kuhisi tofauti atadhani ameibiwa. Na anayeona gari lake halina tofauti baada ya kuyaacha miaka kumi atadhani ameokoa. Hesabu ya kweli huja baadaye, na aghalabu huja siku ya shughuli, masufuria yakiwa ndani.

Nisimsahau yule bwana jirani. Gari lake lilikuwa bado limesimama mbele ya nyumba, na washauri walikuwa wengi. Mmoja alimwambia atie mafuta mazito na dawa ya chupa ili gia ishike kwa siku chache, aliuze haraka kwa mtu wa mbali. Alinitazama kana kwamba ataka nimruhusu. Nilimwambia, "Kaka, huyo mtu wa mbali naye ana watoto." Dini yetu imelikataza waziwazi jambo la muuzaji kuficha aibu ya anachouza, na halibadiliki kwa sababu bidhaa ni gari na aibu imo ndani ya sanduku la chuma. Baadaye nilipata habari kwamba alimwuzia fundi kwa bei ya chini, akimweleza ugonjwa wote. Alipata hasara, lakini hasara hiyo hakumtwika mwenziwe.

Basi tukusanye tuliyosema. Ikiwa gari lako ni la otomatiki, lapita kilomita laki moja, lashika gia vizuri, na huna uthibitisho kwamba mafuta yamewahi kubadilishwa, kuyabadilisha kuna faida, wala usingoje dalili. Baada ya hapo, kwa matumizi yetu ya foleni na mizigo, mimi naona kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni mwendo wa busara, isipokuwa kitabu cha gari kikisema mapema zaidi. Ikiwa gari tayari laguruma bila kwenda, latetemeka au lachelewa kushika, usinunue mafuta kwa matumaini. Lipa kwanza fundi wa gia alikague, ujue kama pesa yako itatibu au itazika. Na ikiwa umenunua gari majuzi kutoka yadi ya Mombasa au Nairobi, anza na mafuta ya gia pamoja na yale ya injini, ungali na nguvu.

Ukifika gereji, dada yangu, usione haya kuuliza. Uliza gari hili ni gia ya kawaida au CVT. Uliza ni mafuta gani yaliyoandikwa na kiwanda, na uone debe likifunguliwa mbele yako. Uliza yametoka lita ngapi na zimerudi ngapi. Uliza mafuta machafu yanapelekwa wapi, kwani yakimwagwa mtaroni huko Kibera hushuka hadi mto Ngong, na watu wa chini ndio wanaoyapata. Fundi mwema hatachukia maswali haya. Akichukia, umekwisha kumjua.

La mwisho ni daftari. Nilimnunulia mdogo wangu daftari dogo la shilingi hamsini, likawekwa ndani ya gari. Katika ukurasa wa kwanza wifi aliandika kwa mkono wake tarehe, kilomita 131,000, jina la mafuta na idadi ya lita. Siku watakapoliuza gari hilo, inshaallah baada ya watoto kumaliza shule, atakayelinunua hatahitaji kubahatisha kama wao walivyobahatisha.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujalia uzima.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.